Kabla Loisi Hajafuta Kila Kitu

Dereva Abrahamu aliitupa flashi mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Mama wa nyimbo, umeniua! Kutoka hapa mpaka Kapiri kule Zambia nimesikiliza injini tu. Kila nikibonyeza, redio inaniambia hakuna wimbo. Mimi na saruji yangu tunatazamana!"

"Samahani, kaka. Lete nikujazie upya."

"Unijazie nini tena? Ugonjwa?" Akacheka kidogo, maana hakuwa mtu mbaya, lakini alipotoka alielekea moja kwa moja kibanda cha ng'ambo ya barabara.

Loisi Nambeye alimsindikiza kwa macho. Kibanda chake kiko Tunduma, jirani na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kazi yake ni hiyo: kujaza nyimbo. Dereva analeta flashi, anasema anaelekea wapi na anapenda nini, Loisi anampangia. Injili ya asubuhi, rumba ya mchana, nyimbo za Kibemba za kuchangamsha usingizi unapoanza kubembeleza. Watu wanafikiri ni kunakili tu. Wajaribu waone! Loisi anajua hata mlima gani unahitaji wimbo wa taratibu.

Lakini flashi za madereva zinatembea kuliko madereva wenyewe, na moja ilileta kirusi. Kilifanya kioja. Kila folda kwenye kompyuta iligeuka kuwa kipicha cha folda, njia ya mkato isiyokwenda popote, mlango uliochorwa ukutani. Na kila flashi iliyochomekwa iliondoka na milango ya kuchora vilevile. Ndiyo maana Abrahamu alisikiliza injini mpaka Kapiri.

Nyimbo za wasanii zinatafutika, hilo halikumkosesha Loisi raha. Kilichomkosesha raha ni folda moja aliyoiita Mama.

Mama yake, Enesi, anaishi kijijini Hasamba, kwenye kahawa na mahindi yake. Zamani ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo kanisani, na shambani wakati wa kuchuma kahawa wanawake walikuwa wanamngoja yeye kwanza. Loisi alimrekodi kwa simu ambayo baadaye iliibiwa stendi. Kisha Enesi akapasuliwa rovu shingoni. Alipona vizuri, ila sauti ilibaki ya kukwaruza, kama ya mtu anayenong'ona akiwa amekasirika. Sauti ya zamani ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, ndani ya ile folda, na ile folda sasa ilikuwa kipicha.

Na mama mwenyewe alikuwa anakuja Jumatatu kliniki. Alishapiga simu: "Loisi, nikifika uniwekee vile vinyimbo. Nataka nimsikie yule dada."

Yule dada. Ndivyo alivyoiita sauti yake mwenyewe.

Loisi akasema ndiyo, mama, vipo. Tangu aliposema hivyo hakukaa akatulia. Anakaa, anainuka, anapanga waya ambazo zimeshapangwa, anatoka mlangoni kutazama malori kama vile yana jibu.

"Dada Loisi, utachimba shimo hapo mlangoni," alisema Clever, fundi simu wa kibanda cha pili. Alikuwa ameshika flashi nyekundu. "Dawa hii hapa. Linux. Virusi vya aina hiyo haviwezi kufanya kazi mle. Tunafuta kila kitu, tunaweka mfumo mpya, jioni unauza."

"Linux ipi? Nimesikia ziko nyingi."

"Nyingi kama makanisa! Lakini kompyuta yako ni bibi kizee, tunampa ile nyepesi. Usimbebeshe gunia."

"Na spika zitalia? Na ile programu ya kuunganisha nyimbo?"

"Yenyewe haimo, ila zipo nyingine za kazi hiyohiyo. Utazizoea."

Loisi akakaa. Akainuka. "Tusiifute basi. Tuigawe. Mfumo wa zamani ukae upande wake, mpya upande wake. Nimesikia inawezekana."

"Inawezekana. Ni kama Tunduma na Nakonde. Ukiwasha, inakuuliza unaingia nchi gani."

"Na nikiwa nchi moja, vitu vya nchi ya pili navifikia?"

"Ukiwa Linux, unavifikia vyote."

"Kwa hiyo kirusi kitapita njia za panya."

Clever akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Lakini Loisi hakuwa anatania. Anaishi mpakani, anajua mstari kwenye ramani haumzuii mtu mwenye haja. Kama upande wa zamani ungebaki na kirusi, siku moja angesahau na kuchomeka huko flashi ya mteja. Na diski yenyewe ni ndogo, ukiigawa kila upande unabaki na uwanja wa kuku.

"Basi umejijibu," alisema Clever. "Tufute."

"Na folda ya Mama?"

Hapo Clever akapunguza sauti. "Dada, ile imeliwa. Niliifungua mbele yako, haikuwa na kitu. Huwezi kukifuta kitu ambacho hakipo."

Maneno hayo yalikuwa na akili. Ndiyo yaliyomsumbua zaidi. Kama hakipo, kwa nini mkono wake unaogopa? Akatoka tena mlangoni. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi na pumba. Upande wa pili wa barabara lori la mahindi lilikuwa linapakuliwa, na mnunuzi mmoja alitoboa gunia, akatoa punje, akaitia mdomoni. Kah! Akatema. "Bado mabichi haya, mukwai!" Alimwambia muuzaji hivyo kwa adabu ya Kibemba, akahamia gunia lingine.

Loisi alitazama taya za yule mtu. Yeye mwenyewe alinunua mahindi na mjomba wake kabla ya kufungua kibanda, vijiji vya Ruanda, Nanyala, kote huko, na hakuna gunia walilopakia bila kung'ata. Hata la rafiki. Hata la mchungaji! Muuzaji anaweza kuapa, macho yanaweza kudanganyika, lakini jino linasikia.

Akarudi ndani kwa haraka. "Clever, hii Linux yako inang'atika?"

"Inanini?"

"Kuonja! Kabla ya kuiweka ndani. Naweza kuiona ikifanya kazi bila kufuta kitu?"

Clever akajikuna kisogo. "Inawezekana. Inawaka kutoka kwenye flashi, diski haiguswi. Ila itakuwa goigoi, ndiyo maana mimi huwa naruka hatua hiyo."

"Leo hatuiruki."

"Umeme ukikatika?"

"Si umesema diski haiguswi? Washa."

Wakawasha. Kompyuta ilifikiri kwa muda mrefu mpaka Loisi akaanza kung'ata kucha badala ya mahindi. Kisha skrini ikafunguka, safi, ya kijani. Wakafungua diski ya zamani. Vile vipicha vilikuwepo vyote, vimejipanga vikidanganya kama kawaida. Lakini pembeni yake ilikuwepo folda moja ambayo hawakuwahi kuiona. Haikuwa na jina. Chini yake palikuwa patupu.

"Ngoja," alisema Clever, akasogeza kiti. "Ngoja kwanza."

Akaibonyeza. Vyote vilikuwa humo. Rumba, injili, Kibemba, na katikati ya vyote, Mama.

Kumbe kirusi hakikula. Kilificha tu! Mfumo wa zamani ulitii, ukanyamaza. Huu mfumo mgeni haukujua kwamba kuna vitu ambavyo mtu haruhusiwi kuviona, ukavionyesha.

Loisi alibonyeza wimbo wa kwanza. Spika zikalia, na hilo swali nalo likajibiwa. Sauti ya mwanamke ilipanda, pana, haina haraka, na nyuma yake wanawake wa Hasamba wakaipokea kwa Kinyiha. Clever aliitazama sakafu.

"Dada, ningefuta," alisema. "Wallahi ningefuta nikijisifu."

"Najua. Na mimi nilikuwa nakaribia kukuruhusu."

Hakufuta siku ile. Alinakili zile nyimbo kwenye diski ya nje, kwenye simu yake, kwenye kadi ndogo ya kumpa mama, na kwenye kompyuta ya Clever, ambaye hakuthubutu kukataa. Nyimbo tu, moja moja, bila kipicha hata kimoja.

Jumatatu Enesi aliketi kwenye kiti cha madereva, kitenge kimefunika magoti, akasikiliza akiwa amefumba macho. Midomo ilikuwa inafuata. Kibanda kizima kilimngoja.

"Huyu dada," alisema mwishoni kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "ubeti wa pili ameingia mapema. Nilimwambia siku ileile."

"Mama!"

"Nini sasa? Ukweli ni ukweli." Akapangusa jicho kwa pembe ya kitenge, kisha akamgeukia Clever. "Na wewe kijana, mbona umesimama na kiflashi chako kama mshenga aliyekosa posa? Kama mnafuta, futeni."

Clever akamtazama Loisi. Loisi akasogeza kidole kwenye kitufe cha kufuta, akakiondoa, akainuka.

"Ngoja," alisema, akichomeka ile kadi ndogo kwenye simu ya mama yake. "Nisikie tu kama hii inaimba."

Ikaimba. Akarudi kukaa, akabonyeza.