Uraka wa Mwezi wa Tano

Sikwenda mahakamani Masasi kujifunza sheria. Nilitoroka shule nikamwone mzungu mmoja wa Lindi akiaibika. Alikuwa wakala wa kiwanda cha ng'ambo kilichotengeneza lori lililomuua mjomba wangu.

Mjomba alikuwa dereva. Kwetu mjomba si mtu wa kuja sikukuu na peremende akaondoka. Watoto wa dada yake ni wake, na hata kunitafutia mke ingekuwa kazi yake, kazi ambayo ingemshinda. Siku hiyo alikuwa anateremka kutoka Newala na shehena ya makopa ya mihogo. Kwenye kona ya pili usukani ukazunguka mikononi mwake bure, kama mfuniko wa chungu, na magurudumu yakaenda yanakotaka. Utingo wake ndiye aliyetusimulia. Mjomba alimwambia, "Ruka wewe, huu umekufa." Akaruka, akapona.

Chini ya mteremko fundi aliokota chuma kinachounganisha usukani na magurudumu. Kilikuwa kimekatika, na ndani kina matundu kama mkate ulioumuliwa na mlevi.

Haikuwa mara ya kwanza. Lori jingine la aina hiyo hiyo lilikatika chuma hicho hicho barabara ya Lukuledi, ila pale ni tambarare, likaishia kwenye mihogo ya watu. Wakala akaitwa, akatia chuma kipya, akapangusa mikono. Dereva mwingine yeyote hakuambiwa neno. Hilo ndilo nililoshindwa kulimeza.

Mhindi mwenye lori akakishtaki kiwanda, na Mama akaingia kwenye kesi hiyo kudai damu ya kaka yake. Kiwanda kikajibu kwa mdomo wa wakala: chuma kilikuwa kizima, dereva ndiye aliyekuwa mlevi. Mjomba, mtu wa kanisa, ambaye hata divai ya ushirika aliigusa kwa ncha ya mdomo kama chai ya moto.

"Wakishinda," Mama aliniambia, "kaka yangu atabaki mlevi kwenye karatasi za serikali milele. Fidia wakae nayo. Hilo neno walifute."

Mimi nilitaka walifute kwa ulimi.

Siku ya ushahidi watu walitoka Chiungutwa na Lupaso, wakajaa nyuma ya chumba, chini ya picha ya Malkia. Askari wa mlangoni alikwisha kutuonya kwamba atakayefungua mdomo atalala ndani. Hakuwa na haja. Watu wazima wa kwetu mbele ya serikali hawamsahihishi mtu, hata akisema ng'ombe ametaga.

Akasimama karani wa wakala, kijana wa Dar es Salaam, suruali imepigwa pasi hadi ungeweza kukatia nyama. Akaapa. Akasema alifika kwenye ajali mapema, akakuta kibuyu cha uraka kwenye kiti cha dereva.

"Ulikuwa mbichi," akasema, "bado unatoa povu. Nilionja kidogo nipate hakika."

"Mwezi gani huo?" akauliza wakili wetu, naye mtu wa huko huko Dar es Salaam.

"Mwezi wa tano."

Wakili akaandika. Hakimu, Mwingereza aliyehamia juzi, akaandika. Mkalimani akakohoa. Nyuma watu wote wakatazamana. Mzee aliyekaa karibu nami akafumba macho kama aliyesikia mkwe wake akijamba.

Mimi nikacheka. Nilijaribu kukirudisha kicheko, kikatokea puani. Askari akanishika sikio, na hakimu akasema niletwe mbele.

"Bwana Hakimu anauliza," akasema mkalimani, "kifo cha mjomba wako kinakuchekesha?"

"Shikamoo, Bwana Hakimu." Hakuitikia. "Hapana. Namwonea wivu huyu bwana. Uraka ni maji ya mabibo, na mabibo huiva mwezi wa kumi. Mwezi wa tano mkorosho hauna hata ua. Na uraka ukiuweka siku chache ni siki. Naomba atuonyeshe mkorosho wake, kijiji kizima tuhamie chini yake."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Hakimu akamwuliza mkalimani, akajibu ndivyo. Akamwuliza askari, ambaye bado alikuwa na sikio langu mkononi, naye akajibu, "Ndivyo, Bwana. Mimi kwetu Lupaso." Karani akamtazama wakala. Wakala akatazama viatu vyake. Alipobanwa, karani akakiri kwamba hakuona kibuyu. Aliambiwa tu huku watu hunywa uraka.

Hukumu ilisema dereva hakuwa mlevi, chuma kilikuwa kibovu tangu kiwandani, na wakala alijua tangu Lukuledi. Mama akaomba afasiriwe tena, kwa Kimakonde. Akafasiriwa. Nje wakala akamfuata, kofia mkononi, akampa pole. Mama akasema, "Nimesikia," akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Alikuwa ameridhika.

Mimi sijaridhika. Wakala hupita barabara ya Newala kila mwezi, na mimi nimewapanga watoto wa barabarani. Gari lake likitokea tunasimama kwa adabu, kila mtu na kibuyu kitupu, tunainama: "Karibu uraka, Bwana." Mwalimu mkuu aliletewa malalamiko, akaniuliza kwa nini namtukana mgeni. Nikamwambia namkaribisha.

Mwezi uliopita alisimama. Akateremsha kioo, uso mwekundu, akasema kwa Kiswahili chake, "Kesi imekwisha. Wewe unataka nini?"

"Ungemwambia mjomba," nikasema. "Lile la Lukuledi. Maneno mawili tu."

Nilingoja. Watoto nao wakangoja, vibuyu vimeinuliwa. Akapandisha kioo, akaanza kuteremka kuelekea kona ya pili, taratibu mno, amekamata usukani kwa mikono miwili. Tukamfuata kwa miguu, tukimkaribisha, mpaka chini.