Bi Chapa na Takataka za Injinia

Bi Chapa alikuwa mtu wa kuona uchafu. Picha iliyopinda ukutani, shati lililoanikwa upande, nukta iliyokaa mahali pa mkato, vyote vilimwasha mwilini. Alikuwa amepiga taipu miaka thelathini na mmoja katika ofisi moja, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Mabosi saba walipita mikononi mwake, na wote saba, bila kutia chumvi, walisifiwa kwa barua ambazo yeye ndiye aliyeziokoa. Wao waliandika upuuzi, yeye akausafisha, wao wakapandishwa cheo.

Kisha chumba cha taipu kikafungwa. Wakampa saa ya ukutani na soda moja, akaenda nyumbani. Alikaa miaka minne kwenye kiti karibu na dirisha. Kilichomchoma hakikuwa upweke. Ni kwamba watu walianza kusema naye kwa sauti kubwa tena polepole, kana kwamba siku ya kukabidhi taipureta alikabidhi na masikio.

Basi mtoto wa dada yake alipofungua ofisi ya kutengeneza programu za simu, chumba kimoja tu juu ya duka la rangi, akalalamika mezani kwamba maandishi yao yamejaa makosa, Bi Chapa hakungoja kuombwa mara mbili. Tuseme ukweli, hakuombwa hata mara moja. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni na miwani yake, mto wa kukalia na kifutio. Kijana alikuna kichwa. Angewezaje kumrudisha mama mdogo wake nyumbani, halafu jioni akamtazame mama yake mzazi usoni? Akampa miezi mitatu ya majaribio. Kazi yake ingekuwa kusoma kila neno linalotokea kwenye simu na kurekebisha makosa kabla halijatoka.

"Lakini mama mdogo, hapa ofisini mimi ni bosi, na wewe ni Bi Chapa," alimwambia.

"Sawa, bosi," Bi Chapa akajibu. "Funga kifungo cha shati."

Mfanyakazi mwingine alikuwa mmoja tu, binti mpole waliyemwita Injinia, ambaye ndiye aliyeandika programu zenyewe. Alivaa vidude vya masikioni kutwa nzima na kula karanga juu ya kibodi. Bi Chapa alimpenda, ila zile karanga zilimnyima raha.

Kazi ya mwisho ya miezi ile mitatu ilikuwa ya kwaya ya mtaa. Walikuwa na nyimbo arobaini na mbili kwenye madaftari yaliyochanika, wakataka ziingie kwenye simu kila mwimbaji asome kwake. Jumamosi kwaya ingeimba harusini, na Jumamosi hiyohiyo majaribio ya Bi Chapa yangekwisha. Kwaya ikifurahi, mkataba. Ikinuna, kile kiti cha dirishani kilikuwa bado kipo, na kimeshachukua umbo lake.

Injinia alinakili nyimbo zote kwenye faili, kisha akaomba siku tatu za kwenda kumuuguza bibi yake. "Mama, rekebisha maneno tu," alisema huku akifunga mkoba. "Ukimaliza bonyeza hapa, zitakwenda zenyewe kwenye simu zao."

Bi Chapa akafungua faili, na nusura aite polisi.

Tumekuja kwa furaha kumpokea bibi harusi\nMilango ifunguliwe na taa ziwashwe\nLeo nyumba imepata mama

Mkwaju, kile kistari cha mshazari, umelala kinyumenyume, na herufi n imeung'ang'ania. Hapa, pale, kila mahali! Alijua mara moja kilichotokea. Aliwahi kuwa na taipureta ambayo n yake ilirukaruka yenyewe kila mvua ikinyesha. Maskini binti, alisema moyoni, kibodi yake imekula karanga hadi imeugua.

Akakunja mikono ya blauzi. Alifuta takataka moja baada ya nyingine, zote mia sita na kumi na nane, na kila alipofuta alibonyeza Enter ili mstari mpya uanze kwa adabu. Kazi hiyo ilimla siku mbili na shingo. Alipomaliza, nyimbo zilisimama kwenye kioo cha kompyuta safi kabisa, mstari chini ya mstari. Akabonyeza pale alipoonyeshwa, akaenda zake huku akiimba puani.

Alhamisi jioni kwaya ilifanya mazoezi katika darasa la shule ya jirani. Bi Chapa alikwenda bila kualikwa, akakaa dawati la nyuma na mkoba mapajani, tayari kusifiwa. Mwalimu wa kwaya, mtu mfupi aliyekuwa kinyozi mchana, aliinua mkono. Watu arobaini wakainamia simu zao.

Wakaanza vizuri tu. Wakaendelea. Wakazidi kuendelea. Kwenye simu wimbo mzima ulikuwa tonge moja, hauna mahali pa kuanzia mstari wala pa kuumalizia, na kwa kuwa hakuna aliyejua pa kupumua, hakuna aliyepumua. Sauti ya kwanza wakapotea njia. Sauti ya pili wakawafuata hukohuko. Mama mmoja mnene akageuka rangi, akakaa chini ghafla na kujipepea kwa simu iliyomponza. Huko nyuma wenye sauti nzito walikuwa wamekwisha kuacha kuimba, wanacheka mpaka mbavu zinawauma.

"Nani kaandika hiki kitu?" mwalimu alinguruma.

Bi Chapa akatazama dari. Ilikuwa na utando wa buibui pembeni, na kwa mara ya kwanza maishani uchafu haukumshughulisha. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda hadi kwenye ncha za masikio.

"Zimeni simu! Tuimbe tunazozijua kwa kichwa!"

Wakaimba sita. Na pale nyuma, akiwa ameshika mkoba kama abiria aliyeshushwa njiani, Bi Chapa alisikia kitu. Taipureta huwa na kengele ndogo inayolia karatasi ikikaribia ukingoni, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amemaliza mistari kwa sikio, si kwa jicho. Sasa kengele ileile ikamlilia kichwani. Tumekuja kwa furaha, nge! Watu arobaini wakavuta pumzi. Kumpokea bibi harusi, nge! Daftari lilikuwa limeandika maneno hayo kwenye mstari mmoja, lakini vifua viliyagawa mara mbili. Akatoa bahasha ya bili ya maji, akaanza kuweka alama nyuma yake.

Ijumaa asubuhi alimkuta Injinia amerudi, amekaa mbele ya faili, ameacha hata kutafuna.

"Mama, zile alama ulizifuta zote?"

"Ule uchafu?"

Injinia akameza karanga, akamweleza taratibu, lakini si kwa sauti kubwa, na Bi Chapa alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Kumbe simu haijali Enter ya mtu. Ndani ya faili lile, ubonyeze mara moja au mara mia, simu inaona nafasi moja tu, inaunganisha maneno na kusonga mbele. Ule mkwaju na n yake ndiyo amri yenyewe. Ndiyo inayoiambia simu, hapa shuka chini.

Bi Chapa akavua miwani. Alikuwa amefuta amri mia sita na kumi na nane kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa raha.

Bosi akaingia. Kinyozi alikuwa ameshampigia simu, na ilionekana hakumpigia kumsalimu. Kijana akasimama mbele ya meza yake, akatazama kalenda, akatazama viatu.

"Mama mdogo," alianza.

Hapo Bi Chapa akajua amemwaga unga. Tangu ile Jumatatu ya kwanza, ofisini humo hakuwahi tena kumwita hivyo.

"Bosi, mbona ni kazi ya dakika moja," Injinia alidakia. Akaandika amri fulani, na kila Enter ya Bi Chapa ikageuka kuwa ule mkwaju na n yake. Siku mbili za shingo zikajibiwa kwa kufumba na kufumbua. Akawaonyesha simu. Mistari ilikuwa imerudi.

Bi Chapa akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Daftari lilikuwa pana na simu ilikuwa nyembamba. Mstari ulipofika ukingoni, simu iliukata pale ilipochoka: "kumpokea bibi" juu, "harusi" peke yake chini.

"Watakwama hapa," alisema. "Wataimba wamempokea bibi, kisha wakae kumtafuta wa harusi."

"Hapo ni simu yenyewe inakata, mama. Siwezi kujua pa kuvunja nyimbo zote."

"Mimi najua." Akamgeukia mtoto wa dada yake. "Nipe leo tu. Kesho nikiharibu, nitakwenda mwenyewe, wala mama yako sitamwambia."

Kijana alikubali. Kwa mapenzi au kwa kumwogopa mama yake, sijui, na nadhani hata yeye hajui.

Bi Chapa akampigia kinyozi. "Aliyeandika kile kitu ni mimi," alisema kabla ya salamu, maana angesalimia kwanza ujasiri ungemwisha. "Sasa niimbie. Zote. Na pumua kwa nguvu nikusikie."

Kinyozi akaimba. Aliimba huku ananyoa, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Kuna mteja alitoka pale kichwa kimenyolewa upande mmoja, akalazimika kurudi baada ya wimbo wa kumi na saba. Kila kinyozi alipovuta pumzi, Bi Chapa aliandika ule mkwaju na ile n, uso umekunjamana, kama mtu anayemwaga wino kwa makusudi kwenye shuka jeupe. Injinia alikaa ubavuni akijaribu kila wimbo kwenye simu tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Kufikia jioni walikuwa wamemaliza zote, na Bi Chapa alikuwa amekula karanga nusu pakiti bila kujijua.

Jumamosi alisimama ukutani mwa ukumbi wa harusi, nyuma ya viti. Mwalimu akainua mkono. Watu arobaini wakainamia simu.

Tumekuja kwa furaha.

Wakapumua, wote arobaini kwa pamoja, na yeye akapumua nao. Yule mama mnene alifika mwisho wa wimbo wa tatu, ule mrefu, akiwa na rangi yake yote. Bi Chapa alilia, akasingizia vumbi.

Baadaye kinyozi alimfuata bosi. Alikuwa na lalamiko moja tu, herufi ni ndogo mno. Kuhusu mistari hakusema lolote, wala mwimbaji yeyote hakuisema. Bi Chapa hakushangaa. Mabosi saba walikuwa wamemzoesha.

Nje ya ukumbi, kijana akatoa karatasi kwenye mkoba. "Injinia amekimbia ofisini kuichapa sasa hivi, kwa haraka," alisema. "Soma, Bi Chapa, halafu utie sahihi."

Akavaa miwani. Mkataba ulikuwa wa ukurasa mmoja. Na katikati yake, waziwazi, kwa wino mweusi, palikuwa pameandikwa: "ameajiriwa kwa kazi ya kudumu\nkuanzia leo."

Mkono wake ukaingia kwenye mkoba wenyewe, ukashika kifutio. Kijana alikuwa akimtazama. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna ukurasa mchafu uliowahi kupita mbele yake ukasalimika.

Akakiacha kifutio, akatoa kalamu, akatia sahihi harakaharaka kabla mtu hajabadili mawazo.