Tulivyompata babu kwenye karatasi za kuhesabu watu

Wakuu, sasa. Hii si ya kutunga. Dada yangu anasoma humu na ataniumbua nikiongeza chumvi.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walipofariki niliacha shule Form Two, nikawalea wadogo zangu, Muriuki na Njeri, hapo Woodley. Kazi yangu ni kujalidi vitabu kwa wachapishaji River Road.

Mwaka mmoja Njeri akapata mchumba, na wakwe wakataka kuja kuongea mahari. Wapokewe na nani? Baba alikosana na kwao kabla sijazaliwa. Alijiita Joseph Karanja basi, jina la babake hakututajia. Njeri akawa anamwambia kijana wa watu asubiri, asubiri, mpaka aibu.

Tulichorithi ni mkebe wa biskuti. Ndani kuna rozari ya mama na kipande cha babu, kile kijisanduku cha bati cha kitambulisho walichovaa shingoni enzi za mkoloni. Karatasi yake ilishaoza, lakini mtu alikwaruza namba juu ya bati kwa msumari.

Mteja mmoja akaniambia town kuna jumba lenye orodha za zamani za kuhesabu watu. Nikaenda saa ya lunch siku tatu, nikimtafuta Karanja. Akina Karanja walijaa tele, wangu hayupo.

Siku ya nne mama wa kaunta akaniita.

"Kwani unaitwa nani?"

"Wangechi."

"First born? Na kijana wa kwanza kwenu?"

"Ndiyo. Yeye ni Muriuki."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Msichana, siku tatu unampitisha nyanya yako hapa mbele yangu! Orodha hizi zikiandikwa, babako pengine hata hakuwa amezaliwa. Tafuta Muriuki mwenye mke Wangechi."

Wakuu, desturi ya kwetu naijua vizuri: binti wa kwanza hupewa jina la mamake baba, kijana wa kwanza la babake baba. Kumbe nilikuwa natafuta jina ambalo naitwa kila siku!

Haikuchukua nusu saa. Muriuki, mpishi, Hurlingham, nyumba za watumishi. Mke Wangechi. Kwao Uthiru. Namba ya kipande, ile ile ya kwenye bati. Nilipiga kelele mlinzi akaja mbio.

Njeri nilipomsomea alinuna. "Mimi mbona simo?"

"Wewe jina lako ni la upande wa mama," Muriuki akamjibu. "Tafuta mkebe wako."

Jumamosi tukaenda Uthiru, tukaulizia, tukaelekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe. Ndugu mdogo wa baba. Nikampa lile bati.

Akaligeuza polepole. "Nani wewe?"

"Wangechi, wa Karanja. Huyu ni Muriuki, na Njeri."

Akaangusha panga, akanishika mikono yote miwili.

"Mama," akaniambia. Akamgeukia ndugu yangu. "Na wewe ni baba. Mlichelewa wapi?"

Wakuu, tangu Form Two nimekuwa mama wa nyumba yetu, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniita hivyo. Nililia huku nacheka.

Wakwe walipokuja walimkuta mzee amekaa mbele na wazee wenzake watano, akijifanya mkali. Njeri ameolewa.

Nilichojifunza: kabla hujaenda kupekua karatasi, andika majina ya ndugu zako kuanzia wa kwanza, uyaangalie vizuri.

Kwenu majina hutolewaje? Na mkebe wa kwenu una nini? Andikeni hapa, Jumapili nitamsomea mzee. Bado ananiita mama, na bado anasema chai yangu ni nyepesi kama ya mamake.