Jogoo wa Jirani na Sahani Yake

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini haujawahi kuniponza kama Idi ile nilipomwambia jirani yangu, "Kwetu sahani hairudi uchi."

Nilikuwa natania. Mwanamke wa watu alikuwa mgeni hapa Koboko, amevuka kutoka Sudani Kusini na watoto wanne na godoro moja, akapanga chumba nyuma ya ukuta wetu. Nilimpelekea pilau, akanirudishia sahani imeoshwa inang'aa, nami nikaropoka. Tangu siku hiyo haikurudi tupu tena. Inarudi na ndimu. Inarudi na chumvi kidogo imefungwa kwenye jani. Mara moja ilirudi na bamia tatu, na moja ilikuwa imezeeka. Kila nikipokea najisikia vibaya, nasema, "Mama, acha, nilikuwa natania tu," naye ananijibu, "Hapana, Hajati." Ananiita Hajati, mimi ambaye sijafika hata Mbale, sembuse Maka.

Miaka mitatu ikaenda hivyo. Mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza, akaja na kifaranga kiganjani.

"Hii iko yenu," akasema. "Krismasi nitapika. Sahani itakuja kwako imejaa. Na mimi pia nitoe."

Basi kifaranga kikakua kwake, kikawa jogoo, na jogoo akawa balaa. Alikula mtama wangu nilioanika. Alinya juu ya shuka zangu. Akiniona nimeinama kufagia ananidonoa kisigino, kisha anasimama pembeni kunitazama, mshenzi yule. Krismasi niliingoja kuliko Wakristo wenyewe.

Hapa mtaani Krismasi ina utaratibu wake. Sisi ndio nyumba pekee ya Waislamu upande huu, na majirani wote wanataka sahani zao ziliwe kwetu bila swali. Kwa hiyo asubuhi ya sikukuu wanamwita mume wangu awachinjie. Anatoka na kanzu, kisu amekifunga kwenye gazeti, anakwenda nyumba hadi nyumba kama waziri anayefungua shule. Kila nyumba inampa soda na firigisi. Akirudi, firigisi ziko kwenye mfuko na tumbo limejaa gesi.

Mwaka jana mkesha wa Krismasi alikwenda Arua kumwona dada yake, akaapa kwamba atarudi na gari la kwanza. Saa tatu asubuhi akanipigia simu. Nyuma yake nasikia mbuzi.

"Mama watoto, wamenishika."

"Nani wamekushika?"

"Majirani wa dada. Wamesikia niko hapa. Kuna mbuzi wanne, na kuku sijui hata wangapi. Nitakuja kesho."

Majirani wengine walikuwa wameona mbali, nyama wamenunua jana yake sokoni kwa bucha wa Kiislamu. Aliyebaki ni mama wa watu na jogoo wake. Tukamfunga yule adui miguu, tukampeleka kwa huyo huyo bucha. Tukakuta kufuli. Muuza nyanya wa pembeni akatuambia mwenye duka amekwenda Yumbe kwa wakwe. Tukarudi katikati ya watu wanaotoka kanisani na nguo mpya, sisi wawili na jogoo anayepiga kelele za kutuaibisha.

Kwake, watoto walikuwa wameshapanga mafiga na maji yanachemka. Akasimama pale, jogoo kifuani.

"Nikichinja mimi, watoto watakula," akasema. "Ninyi hamtakula."

Ilikuwa kweli.

"Basi nitaleta ndimu tena."

Hakulia. Afadhali angelia. Niliuma huu mdomo wangu, nikampigia mume simu, nikamwambia apande hata bodaboda.

"Kwani wewe huna mikono?" akasema. "Chinja."

"Mimi, mwanamke?"

"Mwanamke Mwislamu akichinja ni halali. Hujui?"

Jamani! Miaka ishirini na mbili ya ndoa! Kumbe niliruhusiwa siku zote, na huyu bwana amekaa kimya akila firigisi za mtaa mzima.

"Hukuuliza," akasema, akakata simu.

Sasa, wanaonijua wananiogopa. Nimewahi kumfukuza askari wa manispaa kwa mwiko. Lakini damu ya kuku, wallahi, siiwezi. Mume wangu akichinja nyumbani, mimi huingia ndani kutafuta chumvi, hata kama chumvi ninayo mkononi.

Nikanoa kisu. Nikakinoa tena.

"Hajati," akasema jirani, "maji inakauka."

Akamshika miguu na mabawa, tukamgeuza upande wa kibla. Jogoo akanitazama kwa jicho moja. Nikasahau mtama, nikasahau shuka, nikamwonea huruma, mimi! Nikafumba macho, nikasema "Bismillahi, Allahu akbar!" kwa sauti iliyowatoa watu wa nyumba tano na fimbo mkononi, wakidhani ni mwizi.

Nilipofumbua, kazi imekwisha, nami nimekaa chini. Nikapiga simu tena Arua.

"Nilifumba macho. Ni halali?"

"Koo umekata?"

"Nimekata."

"Jina la Mungu umetaja?"

"Nimetaja."

"Najua," akasema. "Nimekusikia mpaka huku."

Alasiri jirani akaja na gauni lake la kanisani, sahani ameifunika kwa kitambaa. Alipofunua, nikaona nusu nzima ya jogoo kwenye mchuzi wa karanga, na juu yake firigisi.

"Hii ni ya mwenye kuchinja," akasema.

Nikauliza kama watoto wamekula. Wamekula, akasema, na kweli nilikuwa nawasikia ng'ambo ya ukuta wakigombania shingo. Akakaa mkekani kunitazama. Nikatia firigisi mdomoni. Ilikuwa ngumu, mkaidi yule hata sufuria haikumfundisha adabu. Nikatafuna, nikatafuna, machozi yakaanza kunitoka.

"Pilipili?" akaniuliza.

"Pilipili," nikasema. Haikuwa na pilipili hata chembe.

Kisha nikaingia jikoni, nikamimina mchuzi kwenye sufuria yangu, nikaosha sahani, mkono ukazama kwenye gunia la mchele. Nilikuwa nimeshajaza konzi nilipohisi ameushika mkono wangu. Alikuwa amenifuata.

"Leo hapana, Hajati. Leo sahani irudi uchi."

"Haiwezekani. Marehemu mama yangu, aliyenifundisha neno hili, atafufuka!"

"Irudi uchi," akasema. "Leo mimi nimetoa."

Nikaurudisha mchele guniani. Nikaipangusa sahani kwa kanga, nikampa hivyo hivyo, tupu. Akaipokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani kuhakikisha. Kisha akaenda kwake, si kwa njia ya uani kama siku zote, bali kupitia barabarani, polepole, sahani ameishika mbele watu wote waione.