Unga Alioleta Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi ile kule Mwera, mwanangu, natoka kisimani na ndoo kichwani, nikasimama ghafla nyuma ya jiko maana nilisikia jina la Zuhura wangu likitajwa. Walikuwa majirani wawili wamekuja kumjulia hali mama mkwe wangu, Bi Mwanajuma.

"Yule mtoto kabemendwa," akasema mmoja. "Hamuoni alivyo? Tumbo limemjaa, miguu imekonda kama ya ndege."

Wewe ni wa siku hizi, huenda neno hilo hulijui uzito wake. Maana yake ni kwamba mimi na mume wangu Athumani tulishindwa kujizuia wakati bado nanyonyesha, tukamharibu mtoto. Hakuna aibu iliyomkata mama kijana kuliko hiyo. Nilingoja Bi Mwanajuma anitetee. Badala yake akasema, "Ndiyo hivyo. Vijana hawasikii."

Ndoo niliitua pale pale nikalia.

Zuhura alikuwa ametimiza mwaka na kidogo. Tangu nianze kumpa uji, tumbo lilikuwa linamwendesha, linapoa, linarudi tena. Anakula, tena anakula vizuri, lakini mwili haupokei. Nywele zimekuwa laini na chache. Athumani maneno yalipomfikia akahamishia mkeka wake barazani, tukawa tunasalimiana kama wageni. Sikumlaumu. Naye alikuwa kijana tu.

Lakini nisimseme vibaya mama mkwe. Hakuna aliyempenda Zuhura kuliko yeye. Unga wa uji alikuwa akiuleta mwenyewe, mahindi na karanga za shambani kwake, amesaga pamoja, kopo limejaa hadi juu. Mwaka ule mvua ilikuwa imemkuta hajamaliza kuvuna. Mahindi yakaingia ndani na unyevu wake, magunia yakaegemezwa ukutani, chini kwenye udongo. Yalipoanza kuota ukungu akayachambua, yaliyooza kabisa akatupa, yaliyobaki akayaosha, akayaanika, akayapeleka mashineni. Huyu ni mtu aliyewahi kulala njaa na watoto wadogo, mwanangu. Kutupa chakula kwake ilikuwa dhambi.

Siku Zuhura aliposhindwa hata kukaa, tukampeleka zahanati. Bi Mwanajuma akasema anafuatana nasi, nami nikajua anakwenda kunisema huko. Na kweli, hatujakaa vizuri, akamwambia nesi, "Mwanangu, huyu kabemendwa, tupeni dawa yake."

Nesi alikuwa mama wa makamo wa Kishambaa, mpole wa sauti. Hakubishana. Alimpima mtoto, akamminya ngozi ya tumbo, akaniuliza anakula nini. Nilikuwa na kopo la unga kikapuni, kwa ajili ya uji wa njiani, nikamwonyesha. Akafungua, akanusa. Akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akaonja, akatema dirishani.

"Mama, haya mahindi yalinyeshewa?"

"Yalinyeshewa," akajibu Bi Mwanajuma. "Lakini niliyaosha. Na uji wake tunauchemsha mpaka unatokota."

"Shikamoo, mama yangu," akasema nesi, kama anaomba radhi kabla ya kusema. "Ukungu unaoshwa, sumu yake inabaki. Moto wa jikoni hauiui. Utumbo wa mtoto ni mwororo. Sumu hii inauchubua ndani, chakula kinapita bila kumjenga, na kila ugonjwa ukija unamkuta hana kinga. Siwezi kukuapia kuwa ni hii peke yake, maji yenu nayo myachemshe. Lakini unga huu asiuonje tena. Na huyu binti msimsingizie."

Tukashika njia ya kurudi. Nusu ya njia Bi Mwanajuma akakaa chini kando ya barabara, kanga akajifunika uso.

"Kumbe mimi," akasema. "Kwa mkono wangu huu."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaweka kwa ajili ya siku kama ile. Yote yakaniishia. "Mama, ulimlisha kwa mapenzi," nikamwambia, nikampa Zuhura ampakate.

Tulipofika hakuingia hata ndani kunywa maji. Aliburuta magunia uani akaanza kuchimba shimo. Wale majirani wakaja mbio: kulikoni? Kama hayafai, si awape kuku wao?

"Kuku atakula, na yai atakula mtoto," akasema. "Sitoi." Kisha akasimama wima, jembe mkononi. "Na sikilizeni. Mkwe wangu hakumbemenda mtoto. Ni mahindi yangu. Mlivyolitangaza lile, litangazeni na hili."

Jioni ile Athumani aliurudisha mkeka ndani.

Mwaka ule tulikula mihogo sana. Kwetu Tongoni wakaniletea mahindi makavu kidogo kidogo, ya mtoto tu. Tumbo la Zuhura halikutulia mara moja, lilichukua muda, lakini likatulia. Akasimama, akatembea. Urefu hakuupata kama wenzake, nalo sikufichi. Leo ni fundi wa nguo Ngamiani, ana watoto wake watatu, na kicheko chake unakisikia toka mtaa wa pili.

Siku hizi sumu ile ya ukungu wataalamu wanaiita sumukuvu, na redioni wanaieleza. Basi, mwanangu, wewe unayeanza kumkorogea mwanao uji, nisikilize. Mahindi yaanike juu ya jamvi au turubai, si kwenye udongo, mpaka ukiing'ata punje inakatika kwa mlio. Gunia liinue, lisiguse sakafu wala ukuta. Karanga zichambue moja moja kabla ya kusaga. Iliyosinyaa, yenye rangi, iliyo chungu, itupe wala usiionee huruma. Unga ukishasagwa huoni kilichomo, kwa hiyo jua umesaga nini. Mtoto akiharisha, mpeleke zahanati mapema.

Na ukimwona mama mwenzio mtoto wake hakui, usianze na ulimi. Anza kwa kumuuliza anampikia nini. Ukija kugundua ulimkosea, liseme hadharani, kama Bi Mwanajuma, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mola akujalie ghala kavu na chungu safi, na mwanao akue hadi akubebe wewe.