Shemeji aliniambia collet za ER ni za watoto, nusura mama akose harusi

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Ukunda, na siongezi chumvi. Mhusika akisoma, asome tu.

Nina lathe ndogo ya kukerezea chuma, iko barazani nyuma ya nyumba. Hobby tu. Wengine wanafuga njiwa.

Mama yangu anakaa Msambweni na anatumia wheelchair. Pini ya gurudumu la mbele ilikatika wiki ya harusi ya mjukuu wake kule Bodo. Akanipigia simu: "Mwanangu, sitaki kubebwa kama gunia mbele ya wakwe."

Pini ni kazi ndogo. Shida ni kwamba chuck yangu, kile kibanio cha taya tatu kinachoshika chuma, imechoka. Nakereza upande mmoja vizuri, nikigeuza chuma, upande wa pili unakaa kombo.

Nikaona dawa ni collet, ile bushi yenye mipasuko inayobana chuma sawasawa pande zote. Nikalenga aina ya ER.

Hapo ndipo alipoingia shemeji Swaleh, kaka wa mke wangu. Swaleh alifanya kazi Ghuba, kwenye stoo ya karakana. Stoo, wakuu. Kugawa glavu. Ila ukimsikia, utadhani meli zote za kule amezikereza yeye.

"ER ni za watoto," akasema. "Professionals wanatumia 5C."

Nikamwambia collet za 5C ni nene, na tundu la spindle yangu, ule mhimili unaozungusha chuma, ni dogo.

"Shemeji, wewe umesoma mtandaoni. Mimi nimeona kwa macho."

Nikaagiza ER32 kutoka Mombasa. Chuck yake inafungwa kwa bolti mbele ya spindle, basi unene wa collet si tatizo.

Siku moja kabla ya harusi, Swaleh akaja na 5C za kuazima ili anifundishe, mke wangu akitazama. Akasukuma. Ikagoma. Akapaka grisi.

Grisi, wakuu! Tundu ni milimita ishirini, collet imepita thelathini.

"Mashine yako ndiyo mbovu," akasema, na kabla sijamzuia akadaka ER yangu mpya. Akatumbukiza collet ndani ya chuck, halafu akakaza nati juu yake kwa nguvu zote.

Anayejua ER ameshashika kichwa. Collet inaingizwa kwenye nati kwanza mpaka ilie "tak", ili nati iivute wakati wa kufungua. Hii ikaganda ndani.

Mama kesho anasubiri kiti!

"Kaka, nenda kanywe chai," mke wangu akamwambia. Akaenda, na chai akanywa.

Nikaigonga taratibu kwa fimbo ya shaba kutokea nyuma mpaka ikaachia. Namshukuru Mungu haikupasuka. Pini ikatoka imenyooka, gurudumu likazunguka bila kutikisika.

Kule Bodo namsikia Swaleh, na kanzu yake nyeupe, akiwaambia wazee, "Ile pini? Mimi ndiye niliyemshauri achukue ER."

Mama akamsikia pia.

"Swaleh, baba, kumbe pini ni yako? Basi njoo unisukume."

Mchanga wa pale mnaujua. Alimsukuma kutoka kwa bwana harusi hadi kwa bibi harusi, kanzu ikashikana na mgongo, mama akipunga mkono kwa wakwe.

Nilichojifunza: pima tundu la spindle yako kabla ya kusikiliza sifa za mtu.

Mwenye 5C kwenye mashine ndogo, umeifunga vipi? Tuma picha. Maneno tunayo ya kutosha nyumbani.