Kifua cha Dada

Miaka ya tisini nilikuwa Kakuma, nashona nguo karibu na kambi ya wakimbizi, dereva wa lori la mahindi aliponiletea habari kutoka Lodwar: dada yangu anakohoa damu. Nilimfunga mwanangu mgongoni, nikarudi na lori lilelile.

Nilimkuta peke yake katika kibanda nyuma ya boma la shemeji zake. Mumewe alikuwa ameshafariki, amekonda kama yeye sasa, na watu walikuwa wamefikia uamuzi wao. Chakula kilisukumwa mlangoni kwa fimbo.

"Usiingie na mtoto," dada aliniambia. "Hii ni ile ya mume wangu."

Nilimwachia jirani mtoto, nikamsaidia dada kuinuka, tukaenda hospitali, tukipumzika kila tulipopata kivuli. Walichukua makohozi yake, kisha damu. Majibu yalipotoka, daktari, Mturkana mwenzetu, alifunga mlango, akatusalimu upya, "Ejok," kana kwamba ndiyo kwanza tunaingia.

"Mama, uko na TB," akamwambia. "Na damu yako iko na virusi vya ukimwi."

Dada akakusanya shuka lake. "Basi niache niende nyumbani. Dawa za nini, na mimi ni wa kufa?"

"Virusi bado sina dawa yake," alisema daktari. "Lakini ndivyo vimefungulia TB mlango. Sasa TB ndiyo inakuua, na hiyo ninaitibu. Inapona, hata kwa mtu mwenye virusi. Lakini umeze mpaka mwisho, hata ukijisikia mzima."

Mimi niliuliza habari ya mtoto wangu. Alisema nimlete; kesho yake alimpima, akasikiliza kifua chake kwa muda mrefu, akasema ni safi. Hapo nilimfunga tena mgongoni.

Dada alipewa nafasi katika manyata ya wagonjwa wa kifua, vibanda vilivyojengwa nje ya wodi kwa ajili ya wafugaji, wasije wakahama na mifugo kabla ya kumaliza dawa. Asubuhi moja alirudi kutoka chooni analia. Mkojo ulikuwa mwekundu.

"Sasa damu inatoka hata huku!"

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. "Ni rangi ya dawa, mama. Wote hapa wanakojoa hivyo."

Mzee mmoja wa manyata akapaza sauti, "Hata mimi! Nilidhani nimerogwa!" Wagonjwa wakaangua kicheko, na dada, machozi bado mashavuni, akacheka nao. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi ya mumewe.

Nikawa nakwenda na kurudi kati ya Kakuma na Lodwar. Kila nilipofika, alikuwa ameongezeka: kwanza mashavu, kisha mikono, kisha maneno. Siku ya majibu ya mwisho nilimngoja nje, nikishindwa hata kunywa maji. Alitoka anatembea polepole, nikafikiri ni mabaya.

"Hakuna kitu," akasema. "Makohozi ni safi. Wameniambia nikikohoa tena nije upesi, nisingoje."

Virusi vilibaki, tulijua wote wawili. Lakini jua la Lodwar lilikuwa kali, dada alikuwa na njaa, na mwanamke mmoja aliyeshuka kutoka Lowarengak, kule ziwani, alikuwa anauza samaki mkavu pale langoni. Tulichagua samaki mkubwa kuliko wote.